Video ya kupamba ya binti yangu: niiweke wapi waione jamaa wa kike peke yao?

Swali: Assalaam aleikum. Nimeozesha binti yangu hapa Mombasa. Siku ya kupamba ilikuwa ya wanawake watupu, simu zilikusanywa mlangoni, na mpiga video alikuwa mwanamke. Amenipa flashi yenye saa nne za video, GB 38. Dada zangu wako London na Toronto, mawifi wa binti yangu wako Muscat, na wote wanaililia. Kijana wa duka la kompyuta ameniambia niipandishe YouTube halafu niifiche, haitaonekana na mtu. Sina pesa ya kulipa kila mwezi. Je, ni salama? Kama si salama, niiweke wapi bure? (Mama wa bibi arusi, Mombasa)

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu, na hongera. Mimi pia nimeozesha, najua ulivyochoka. Flashi hiyo usiirudishe dukani kwa yule kijana, na usipandishe chochote hadi umalize kusoma. Sisemi ana nia mbaya. Amekujibu kwa anachokijua, ila amechanganya mambo mawili ambayo kwa video ya walima hayana tofauti kubwa, na kwa video ya kupamba yana tofauti ya mlango uliofungwa kwa komeo na mlango ulioshindikwa tu.

YouTube ina hali tatu za video. Ya umma tuiache. Ya pili inaitwa "haijaorodheshwa": video haitokei mtu akitafuta, haionekani kwenye ukurasa wa chaneli yako, lakini yeyote mwenye linki anaitazama, haulizwi jina wala akaunti. Ya tatu ni "ya faragha": wewe unaandika anwani za barua pepe za unaowataka, na asiyekuwemo hata ukimpa linki mkononi hafungui. Kijana akisema "ifiche", karibu nina hakika anakusudia ile ya pili, kwa sababu ndiyo nyepesi na ndiyo inayotumiwa na kila mtu.

Sasa linki ni ufunguo ambao kila anayeushika anaweza kuchonga mwingine bila wewe kujua. Wifi anamtumia dada yake, dada anaiweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, humo mna mashemeji na watoto wa ami, na katika mlolongo mzima hakuna aliyekusudia ubaya. Tena mtu akiitia kwenye orodha yake ya kucheza iliyo wazi, hata wasiokujua wanaweza kuikuta humo. Julai 2021 YouTube wenyewe walizigeuza kuwa za faragha video za aina hii zilizopandishwa kabla ya 2017, isipokuwa za wenye chaneli waliokataa, kwa kuwa walikuwa wameshaimarisha namna linki zinavyoundwa ili zisikisiwe. Linki haikuwahi kuwa komeo.

Kwa hiyo ninachokifuata mimi, na ndicho nitakachokushikilia mpaka mwisho wa jibu hili, ni hiki: video ya wanawake watupu iwekwe kwenye huduma inayomjua mtazamaji kwa jina lake. Inayomtambua kwa linki peke yake iwe ya mambo mengine.

Utaniuliza, basi kwa nini nisitumie ile ya faragha ya YouTube, maana inataka majina? Ingewezekana, na kwa baadhi ya watu nimeikubali. Kwako siipendi kwa sababu ya nyimbo na kwa sababu ya runinga. Ukumbi wa kupamba hauna kimya: taarabu kutoka mwanzo hadi mwisho. YouTube ina mtambo unaosikiliza kila video inayopanda na kuilinganisha na nyimbo zilizosajiliwa na wenyewe, na hausamehi video kwa kuwa ni ya faragha. Mwenye wimbo akitaka, anaweza kuifanya isifunguke katika nchi fulani, na dada wa London akaiona huku wa Toronto akiambiwa haipatikani kwao. Ama runinga: nyumba nyingi huko ughaibuni zina YouTube kwenye runinga ya sebuleni, na mara nyingi imeingizwa kwa akaunti ya mama. Akishaitazama kwa simu usiku, kesho mtoto anawasha katuni na bibi arusi yuko pale juu kwenye orodha ya zilizotazamwa. Huo si wizi wa mtandaoni, ni maisha ya nyumba, na ndiyo njia ambayo siri nyingi huvujia.

Hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu watu huniuliza juu ya huduma na mimi hurudi kwenye flashi. Katika kesi za namna hii nilizoshughulikia, sikumbuki hata moja ambapo mdukuzi alivunja seva ya kampuni kubwa akaiba arusi ya mtu. Nakumbuka jamaa yangu ambaye kipande cha kesha lake kilianza kuzunguka miaka minane baada ya arusi. Studio iliyomrekodi ilibadilisha kompyuta, ya zamani ikauzwa na diski yake ndani, na kufuta kwa kawaida hakufuti, mafaili hurudishwa kwa programu ya bure. Alikuwa na watoto watatu wakati huo. Alilia mbele yangu kama aliyefiwa.

Kwa hiyo leo, kabla ya kufikiria intaneti, mpigie mpiga video wako. Muulize nani alihariri. Mara nyingi anayeshika kamera ukumbini ni mwanamke na anayekaa kwenye kompyuta kukata na kuunganisha ni mwanamume wa studio, na wenye arusi hawajui kwa kuwa hawakuuliza. Muulize nakala ziko wapi: kwenye kadi ya kamera, kwenye diski ya studio, kwenye simu yake. Mwambie wazi hutaki hata sekunde kumi iwekwe Instagram kama tangazo la kazi yake, na mkubaliane siku ya kufuta. Zungumza naye kwa upole, lakini mwandikie ujumbe ili iwepo maandishi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Shughuli za kinyumbani tupu imeziacha nje, ila studio si nyumbani, ni biashara.

Jambo jingine la kufanya kabla ni kukata. Saa nne za video si kitu kimoja. Kuna kuwasili kwa wageni wakiwa na buibui zao, kuna dua, kuna kuingia kwa bibi arusi, kuna zawadi, halafu kuna chakacha na watu wameshajiachia. Si lazima vyote vifuate njia moja. Keti na binti yako, maana ni mwili wake na uso wake, mtazame pamoja na muamue. Tena kumbuka mliowarekodi si nyinyi peke yenu. Yule jirani aliyecheza katikati ya duara alivua buibui kwa kuamini mlango umefungwa na simu zimebaki nje. Hakuwaridhia mawifi wa Muscat asiowajua. Mimi binafsi sehemu ya chakacha huwa nashauri isipande kabisa popote, na wengi waliotulia wakafikiri wamekubaliana nami.

Kwa kukata, tumia LosslessCut. Ni programu ya bure, unaichagulia mwanzo na mwisho wa kipande, nayo inakitoa bila kukisaga upya, yaani bila kuibana video mara ya pili, kwa hiyo haishushi ubora na haichukui muda. Ukikuta mafaili yako yamegawanyika vipande vya GB 2 au 4, si kosa la mtu. Kamera nyingi huandika hivyo kwa sababu kadi zilizopangwa kwa mfumo wa FAT32 hazipokei faili linalofika GB 4.

Baada ya kukata, punguza uzito. GB 38 kwa saa nne ni kama megabiti 21 kwa kila sekunde, kiwango cha kamera, kizuri kwa kuhifadhi na kizito bure kwa shangazi anayetazama kwa simu. Ukiwa na intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, flashi nzima ingekuchukua karibu saa 17 bila kukatika hata mara moja, na hilo sote tunajua halitokei. Pakua HandBrake, nayo ni ya bure, ingiza kipande chako, chagua mpangilio wa tayari ulioandikwa 1080p30, acha mengine yote kama yalivyo. Kipande cha saa moja kikitoka kwenye megabiti 4 kwa sekunde kitakuwa na GB 1.8 hivi, na kwa intaneti ile ile kitapanda chini ya saa moja. Ukumbi wenye taa za kumetameta utatoa faili kubwa kidogo, kwa sababu kila taa inapobadilika programu inalazimika kuandika picha upya. Kama bando lako ni dogo, shuka hadi 720p, ubora wa chini yake. Kwenye simu hakuna atakayeona tofauti. Kazi hii inaweza kuchukua usiku mzima kwenye kompyuta ya zamani, iache ifanye, na iwe kompyuta ya nyumbani au ya mtu wa kike unayemwamini. Ukishaifanya kwenye duka, nakala imebaki dukani.

Sasa huduma. Kwa kile mlichokubaliana na binti yako kwamba jamaa wa kike wakione, tumia Google Drive. Inatoa GB 15 bure, na hizo zinagawanywa na barua zako za Gmail na picha za Google Photos. Tangu Juni 2021 picha nazo zinahesabiwa, kwa hiyo akaunti yako ya kila siku huenda imeshajaa bila wewe kujua. Fungua akaunti mpya ya kazi hii tu. Iwekee neno la siri ambalo hujalitumia popote, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, ili hata anayelijua neno la siri asiingie bila simu yako.

Pandisha vipande vyako ukiwa kwenye kompyuta. Vikishapanda, Drive huchukua muda kuviandaa kabla ya kuchezeka, usidhani vimeharibika. Halafu fungua sehemu ya kushiriki. Hakikisha ufikiaji wa jumla umewekwa kwamba imezuiwa, yaani wanaoingia ni waliotajwa tu. Ukiona imeandikwa "mtu yeyote aliye na kiungo", umerudi kule kule kwa mlango ulioshindikwa. Andika anwani za Gmail za unaowataka, mmoja mmoja, na kila mmoja mpe cheo cha mtazamaji. Usimpe mtu cheo cha mhariri hata akiwa dada wa tumbo moja, kwa sababu mhariri anaweza kuongeza watu. Halafu bonyeza alama ya gurudumu la mipangilio pale pale juu, uondoe tiki inayowaruhusu watazamaji kupakua, kuchapisha na kunakili. Tiki hiyo ndogo wengi hawaijui, na ndiyo inayotenganisha video ya kutazamwa na video ya kuchukuliwa. Hata hivyo haizuii kurekodi skrini, wala simu ya pili iliyoelekezwa kwenye ya kwanza. Hakuna huduma, ya bure wala ya kulipia, inayoizuia simu hiyo ya pili. Ndiyo maana nimekuambia ukate kwanza.

Utaniambia shangazi wa Muscat hana barua pepe. Anayo. Kama simu yake ni ya Android na ana programu alizopakua Play Store, basi ana akaunti ya Google, aliyofunguliwa na mwanawe au na muuza simu, na hajawahi kuifungua. Mwambie aingie kwenye mipangilio ya simu, aguse neno Google, ataiona anwani imeandikwa juu. Hapo ndipo pa kuuliza swali ambalo ni muhimu kuliko mipangilio yote: akaunti hiyo imo kwenye kifaa gani kingine? Ni kawaida kukuta akaunti ya mama imewashwa kwenye tableti ya watoto au kompyuta ya baba, na ukimshirikisha mama umewashirikisha wote. Ikiwa ndivyo, afunguliwe akaunti yake peke yake. Ni dakika kumi. Usifanye ile njia ya mkato ya kutoa neno moja la siri kwa ukoo mzima. Google ikiona mtu anaingia kutoka Muscat na mwingine Toronto itashuku na kutuma namba ya kuthibitisha kwenye simu yako saa tisa za usiku, na siku mmoja wao akifuta kwa bahati mbaya, imefutika kwa wote.

Kwa watu kumi, ishirini, Drive itakutosha. Faili likifunguliwa na wengi mno kwa muda mfupi Google hulizuia kwa muda, lakini orodha yako ikiwa na watu wengi kiasi hicho, basi haikuwa siri tena. Akaunti isiyofunguliwa kwa miaka miwili Google wanaweza kuifuta pamoja na vilivyomo, kwa hiyo ingia mara kwa mara. Na usiiache video huko milele. Waambie tangu mwanzo kwamba itakaa mwezi mmoja, halafu siku ikifika ondoa majina. Mtu akijua muda upo, hutazama kwa wakati na harudi kuulizauliza.

Kitu kimoja kuhusu Drive lazima ukijue: waliotajwa ndio wanaoona, lakini Google mwenyewe anaweza kusoma kilichomo, na mitambo yake huchunguza picha zinazopanda. Kwa video ya arusi hilo halinisumbui sana. Linanisumbua kwa jambo jingine ambalo hukuuliza, ila najua litakuja, maana familia inayorekodi arusi hurekodi pia jando na mtoto anayeogeshwa siku ya arubaini. Video ya mtoto akiwa uchi usiipandishe popote, hata kwa faragha, hata kwa bibi yake. Mwaka 2022 gazeti la New York Times liliandika juu ya baba mmoja wa San Francisco aliyempiga picha mwanawe mdogo aliyekuwa mgonjwa sehemu za siri ili daktari aione. Simu ikaipandisha yenyewe, mtambo ukaiona kuwa ni unyanyasaji wa mtoto, akaunti yake ikafungwa. Polisi walichunguza wakasema hana kosa, na akaunti hakurudishiwa: barua, picha, namba za watu, vyote vya miaka mingi.

Je, iko huduma ambayo hata kampuni yenyewe haioni kilichomo? Ipo. MEGA, ya New Zealand, inatoa GB 20 bure, na faili linafungwa kwa fumbo kwenye kifaa chako kabla ya kuondoka, kwa hiyo kampuni inashika sanduku bila ufunguo. Proton Drive ya Uswisi inafanya hivyo hivyo kwa nafasi ndogo zaidi. MEGA ina jambo zuri: unaweza kutoa linki bila ufunguo wake, ukatuma linki kwa WhatsApp na ufunguo ukausoma kwa simu, na anayeipata linki peke yake hana kitu. Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha ETH Zurich walionyesha kasoro katika fumbo lao na MEGA wakarekebisha. Naitaja ili ujue hakuna lililo kamilifu, bado naiheshimu. Ila kwa jamaa zako siiweki mbele ya Drive. Anayetumia bure hupimiwa kiasi cha kupakua, video husimama katikati. Ukisahau neno la siri na hukuhifadhi ufunguo wa kurejesha, mafaili yako yamekufa na hakuna ofisi ya kupigia. Na mtu akishaupata ufunguo, umerudi kwenye biashara ya kuchonga funguo.

Hizi nyingine nitazipitia haraka. Dropbox inakupa GB 2 bure, haifiki. Vimeo ilisifiwa miaka mingi na wapiga video, lakini mpango wa bure umebanwa sana. WeTransfer ni ya kutuma, linki yake ya bure hufa baada ya siku chache, na hiyo ni sifa nzuri kama unataka kufikisha faili kwa mtu mmoja. Kikundi cha faragha cha Facebook, hapana. Telegram watu huipenda kwa kuwa inapokea faili la GB 2 bila malipo, na wengi wanaamini ni ya siri kuliko WhatsApp. Ni kinyume. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram, vikundi na chaneli, hayafungwi kwa fumbo kutoka simu hadi simu. Yanayofungwa ni yale ya siri ya watu wawili, na lazima uyafungue kwa makusudi.

WhatsApp nayo imefungwa kwa fumbo tangu 2016, lakini fumbo linalinda njia tu. Ikifika, video inaingia kwenye picha za simu, na kutoka hapo inaweza kunakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kila mmoja bila yeye kugusa kitu. Kwa kipande kifupi, tuseme dakika ya bibi arusi kuingia ukumbini, tumia ile ya kutazamwa mara moja tu. Haihifadhiki kwenye simu na haipelekeki mbele, na kwa shangazi asiyeweza kusubiri ni furaha tosha. Kwa video ya saa nzima si mahali pake.

Ile nikaha ya msikitini na walima ya wanaume, hizo zitie YouTube kwa "haijaorodheshwa" kama alivyosema kijana. Kwa hizo amekushauri vizuri. Thibitisha akaunti kwa namba ya simu, vinginevyo haitapokea zaidi ya dakika 15. Ukithibitisha inapokea hadi saa 12, na inajipunguza yenyewe kufuata kasi ya intaneti ya mtazamaji, jambo ambalo hakuna huduma ya bure inayolifanya vizuri kuliko wao.

Lakini hata YouTube siyo ghala. Ukiipakua tena kutoka chaneli yako kwa njia ya kawaida inakurudishia nakala iliyopungua. Na huduma za bure hufungwa. Januari 2012 Marekani iliifunga Megaupload, na watu waliokuwa wameweka humo kazi zao halali wakalala nazo wakaamka hawana. Amazon Drive ilifungwa mwisho wa 2023. Facebook tangu Februari 2025 inayashika matangazo ya moja kwa moja siku 30 tu. Zile GB 38, kama zilivyo, bila kusagwa, zinataka nyumba yake: diski mbili za nje, moja kabatini kwako, moja kwa binti yako. Zipange kwa exFAT ili zipokee mafaili makubwa na zisomeke kwenye kompyuta yoyote. Flashi peke yake usiitegemee, flashi hufa ghafla. Kila mwaka zichomeke, fungua video mbili tatu uone zinacheza.

Na sehemu ya chakacha, kama binti yako ataridhia dada zake wa mbali waione? Iende na mtu. Kutoka Mombasa kwenda Muscat hakukosekani jamaa anayesafiri. Pakia kipande kwenye flashi kwa programu ya 7-Zip, ambayo ni ya bure na hufunga mafaili kwa neno la siri, ukichagua fumbo la AES-256 na kutia tiki ya kuficha majina ya mafaili. Anayesafiri akiipoteza uwanja wa ndege, aliyeiokota ana faili tu lisilofunguka. Akifika, mpigie wifi wa binti yako, msomee neno la siri kwa sauti, neno refu la maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana. Akae na wanawake wenzake waitazame pamoja mlango ukiwa umefungwa, kama ilivyochezwa, kisha flashi irudi na huyo huyo msafiri.

Leo usiku anza na lile la kwanza, la mpiga video. Kesho atakuwa na arusi nyingine na kadi ya kamera ataihitaji. Muulize kabla hajaitoa.